Kuzungumza na mzee aliyepata kiharusi

Kiharusi kikigusa upande wa kushoto wa ubongo, mara nyingi kinachokwama ni maneno, akili ipo. Mzee anajua anataka chai, ila neno haliji, au anasema "sahani". Kwa hiyo usimuulize, "Baba, unataka nini?" Shika kikombe mkono huu, sahani mkono ule: "Baba, chai au chakula?" Aonyeshe kwa kidole, atikise kichwa, vyovyote vile. Kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi 10 kabla ya kumtafutia neno. Hapo ndipo ndugu wengi tunaposhindwa, tunamkatiza akiwa ndiyo kwanza analikaribia.

Zima redio, msemezaneni naye mmoja mmoja. Usipaze sauti, kiharusi hakijamfanya kiziwi. Na jamani, tuache kumsemea mbele ya wageni kama vile hayupo.

Jaribu na kuimba. Wapo wasioweza kuunga sentensi, lakini kaswida au wimbo wa kanisani waliouzoea hutoka mzima, hata kuhesabu moja mpaka kumi. Si kwamba wamepona. Ni pa kuanzia tu.

Hospitalini ulizia mtaalamu wa tiba ya usemi. Asipokuwepo, anzia kwa watu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo), huenda wakajua pa kuwaelekeza. Akiwa anapaliwa au kukohoa kila anapokunywa maji, mwambieni daktari mapema: kiharusi huathiri kumeza pia, na chakula kinaweza kuingia mapafuni.