Kozi ya uwindaji Marekani: usome onlaini au uende darasani?

Kama uko Marekani na mwaka huu umeamua na wewe uingie porini msimu wa kulungu ukifunguliwa, jua kabisa ukienda kukata leseni utaulizwa cheti cha kozi ya usalama wa uwindaji. Majimbo yote 50 yana kozi hii, New York ndio waliotangulia kuifanya lazima mwaka 1949. Na kila msimu ukikaribia swali ni lilelile, nisome kwenye simu nimalize nikiwa kwenye kochi au niende darasani nikakae na watu?

Kwanza angalia kama una nafasi ya kuchagua. Kila jimbo lina sheria zake, wanaangalia ulizaliwa lini na sasa hivi una miaka mingapi. Tarehe ya kuzaliwa ndio inasema kama kozi inakuhusu: Texas inakuhusu kama umezaliwa 2 Septemba 1971 au baada ya hapo, Wisconsin 1 Januari 1973, Colorado 1 Januari 1949, yaani kwa Colorado ni karibu kila mtu ambaye bado ana magoti ya kupanda mlima. Umri wako wa sasa ndio unaamua usomee wapi. Texas ukiwa na miaka 17 kwenda juu unaruhusiwa kumaliza yote mtandaoni, Wisconsin na Minnesota ni 18 kwenda juu. Mtoto wa chini ya hapo anaweza kusoma nadharia mtandaoni ila lazima aende na siku ya vitendo uwanjani, bila hiyo cheti hapati. Kwa hiyo kama unamwandikisha mwanao wa miaka 12, usilipie ya mtandaoni ukadhani umemaliza, tafuta kwanza tarehe ya siku ya vitendo iliyo karibu na kwenu, weka nafasi, ndio urudi kwenye masomo. Wengi wanafanya kinyume, halafu msimu unafunguliwa mtoto ana nadharia tu na nafasi zote zimeshajaa.

Haya, tuseme umri unakuruhusu zote mbili. Ya onlaini raha yake unaijua, unasoma saa sita usiku watoto wamelala, unaacha, unaendelea kesho. Tovuti nyingi hazikutozi mpaka ufaulu, na mtihani ukikushinda unaurudia. Ila usidhani utabonyeza "endelea" mpaka mwisho ndani ya nusu saa, kurasa zimewekewa muda, hazikuachii upite mpaka ule muda uishe, utakodolea macho picha ya bata mpaka mchoke wote wawili.

Darasani mara nyingi ni bure au hela ndogo tu. Walimu wengi wanajitolea, na programu zenyewe zinasaidiwa na pesa ya sheria ya Pittman-Robertson ya 1937, ile kodi inayokatwa kwenye bunduki na risasi, asilimia 11 kwa bunduki ndefu. Yaani aliyenunua boksi la risasi ameshachangia hilo darasa, kwa nini asilitumie?

Sasa niseme yangu. Mimi nilisoma onlaini na nilifaulu vizuri tu, maswali karibu yote sahihi, nikajiona mwindaji. Siku rafiki yangu aliponipa bunduki yake niishike, kidole kikaenda moja kwa moja kwenye kifyatulio, chenyewe, wala sikukituma. Sheria nilikuwa naijua kwa kichwa, kidole kinakaa nje mpaka uwe tayari kupiga, nimeijibu kwenye mtihani, lakini kidole hakikusoma ile kozi. Jamaa akaichukua bunduki yake kimyakimya. Aibu niliyopata siku ile ndio ilinipeleka darasani, na sikuwa nadaiwa cheti.

Kule ndio nikaelewa tofauti iko wapi. Chukua mfano wa risasi za shotigani, ile bunduki ya marisau. Kwenye skrini unasoma "usichanganye geji 20 na geji 12" (geji ni kipimo cha upana wa mtutu na risasi yake), unasema sawa, nani atachanganya, unapita. Darasani mwalimu alikuwa na kipande cha mtutu wa geji 12 kilichopasuliwa katikati kwa urefu, akaniwekea mkononi risasi mbili za mazoezi, moja ya geji 20 ambayo ni ya njano na ni nyembamba (ndio, namba kubwa ndio nyembamba, hapo wengi wanachanganyikiwa), nyingine ya geji 12. Akasema tia ya njano. Nikatia, ikateleza ikapita sehemu inapotakiwa kukaa, ikaenda kukwama mbele ndani ya mtutu. Ukichungulia nyuma huoni kitu, unadhani hukuweka risasi, unaweka ya geji 12 inaingia vizuri kabisa, unafyatua, na mtutu unapasukia pale pale mkono wako wa kushoto ulipoushika. Alipomaliza kusema hivyo darasa zima tulikuwa tunaangalia mikono yetu. Mpaka leo sichanganyi risasi kwenye mfuko mmoja.

Na kuvuka uzio hivyohivyo. Unatoa risasi, unaiacha bunduki imefunguliwa pale risasi inapoingilia, unailaza chini na kuisukuma ipite chini ya waya, mtutu ukiangalia mbali na wewe, halafu unavukia upande wa kitako. Kusoma ni dakika moja. Kufanya huku umevaa koti zito na mwalimu amesimama pembeni anaangalia mtutu unaelekea wapi, utashangaa utakavyokosea mara tatu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kama umekua na bunduki nyumbani, ulishawahi kuwa jeshini au unaenda uwanja wa shabaha mara kwa mara, soma onlaini umalize mambo yako, utakachohitaji zaidi ni sheria za jimbo na namna ya kumtambua mnyama. Kama hujawahi kabisa kushika bunduki, nenda darasani hata kama jimbo linakuruhusu usiende. Na kama unaishi mbali, au zamu za kazi hazikuachii Jumamosi, soma nadharia onlaini halafu ongeza siku ya vitendo kwa hiari yako, baadhi ya majimbo wanapokea na watu wazima, wapigie uwaulize. Kiingereza kikikupiga chenga mtandaoni utapumua zaidi maana unarudia ukurasa mara kumi bila mtu kukuangalia, japo darasani unaweza kuinua mkono ukauliza "hapo umesema nini?" Hapo kila mtu anajijua.

Ukishaamua, usianzie kwenye matangazo yanayotokea juu ukitafuta mtandaoni. Ingia tovuti ya idara ya wanyamapori ya jimbo lako, wameorodhesha kozi wanazozikubali, bonyeza kutokea pale. Kuna tovuti zitakuuzia "cheti" ambacho dukani unapokatia leseni kitakataliwa, na hela hairudi. Jina uandike kama lilivyo kwenye kitambulisho, sisi wenye majina matatu ndio tunaumia hapa. Cheti kikitoka kipige picha uiweke na kwenye simu, kwa kawaida kinakubalika majimbo mengine pia kwa hiyo ukihama hurudii kozi.

Umechelewa na msimu ni wiki ijayo? Baadhi ya majimbo yana kibali cha kuwinda kwanza ukisindikizwa na mtu mwenye sifa, kozi utasoma baadaye. Texas kwa mfano ni dola 10, lazima uwe na miaka 17 au zaidi, na unakipata mara moja tu maishani. Usikitumie kwa uvivu.

Na kama unachotaka ni upinde, uliza mapema, New York cheti cha bunduki peke yake hakikutoshi, upinde una kozi yake.