Je, sisimizi huwalinda vidukari kweli? Jaribio la matawi mawili

Ukiona msururu wa sisimizi ukipanda shina lenye vidukari, wale wadudu wadogo laini wanaofyonza mimea, usidhani wanakwenda kuwala. Mara nyingi wanakwenda kukamua. Kidukari hufyonza utomvu wenye sukari tele lakini amino asidi (malighafi ya protini) haba, hivyo hulazimika kunywa kupita kiasi na kuitoa sukari ya ziada kwa nyuma, tone kwa tone. Sisimizi humpapasa, tone likatoka, akalinywa. Husemwa kwamba naye humlipa kwa ulinzi. Hapo kutazama tu hakutoshi: mwondoe mmoja uone mwingine atapatwa na nini.

Hatua ya 1. Tafuta matawi mawili ya mmea mmoja, yenye vidukari na sisimizi kwa idadi inayokaribiana. Jozi moja hudanganya. Pata tano ukiweza. Rusha sarafu kuamua tawi lipi lifungiwe sisimizi. Ukichagua mwenyewe, utapendelea bila kujua.

Hatua ya 2. Zungushia kila tawi selotepu, chini ya vidukari. Kwenye tawi la kufungiwa, paka mafuta ya mgando duara zima juu ya selotepu, yasiguse gome. Kwenye lile jingine paka nusu duara tu, ili sisimizi wapate pa kupita. Wengi huliacha hili la pili bila kitu, kisha hawajui kama tofauti imeletwa na sisimizi au na mafuta.

Hatua ya 3. Kwenye tawi la kufungiwa, wafagie kwa brashi laini sisimizi waliobaki upande wa juu wa duara la mafuta, kisha kata kila jani linalogusa tawi jirani. Jaribio langu la kwanza liliharibiwa na jani moja tu. Sisimizi walilifanya daraja, nami nikahesabu siku sita za bure.

Hatua ya 4. Kwa wiki mbili, hesabu kila baada ya siku mbili, saa ileile: vidukari, sisimizi na maadui. Maadui ni mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi pamoja na mabuu yao, na mabuu ya nzi-maua. Hesabu pia vidukari waliovimba na kukauka rangi ya kahawia: hao nyigu mdogo aliwatagia yai ndani. Tundu la duara mgongoni maana yake nyigu mchanga ameshatoka.

Hatua ya 5. Linganisha. Vidukari wakipungua zaidi penye duara zima, na maadui wakawa wengi hapohapo, ulinzi ulikuwepo. Maadui wasipoonekana popote, mlinzi hana kazi, na matawi huenda yakafanana. Matokeo yakija kinyume usiyafute; sisimizi wenye uhitaji wa protini huweza kumla yuleyule waliyekuwa wakimkamua.

Ila kuna mtego. Vidukari wakipungua bila adui yeyote kuonekana, gusa majani ya tawi lililofungiwa. Yakinata na kuota ukungu mweusi, basi sisimizi walikuwa pia wafagizi: sukari isiyonywewa huwagandisha vidukari wenyewe, na ukungu wake huzuia mwanga kulifikia jani.