Mwenge Hadi Bagamoyo kwa Miguu: Namna ya Kuiandaa Timu Yako kwa Matembezi ya Hisani

Mwaka wa kwanza tulitoka Mwenge, Dar es Salaam, watu kumi na wawili, Bagamoyo tukaingia kwa miguu watu saba. Watano waliobaki walifika na bajaji. Mmoja wao alikuwa mama fundi cherehani wa Mwananyamala, mtu wa miaka hamsini na kitu, ambaye alikuwa amekusanya michango mingi kuliko sisi wote. Mimi nilikuwa mbele, naangalia saa, sigeuki nyuma. Tulipomvua raba pale Kerege chini ya mkorosho, soksi ya mguu wa kushoto ilikuwa imegandia kisigino. Alikuwa na lengelenge tangu Tegeta. Hakusema, kwa sababu hakutaka kuichelewesha timu.

Tangu siku hiyo nimeongoza matembezi haya mara tano, na karibu kila ninachokiandika hapa kimetokana na kile kisigino. Timu ya hisani inatembea kwa mwendo wa mtu wake wa mwisho. Ukilipanga jambo hilo mapema, kuanzia mazoezi hadi maji, mnafika wote.

Hatua ya 1: Jueni mnatembea kwa ajili ya nani

Sisi tunachangia nauli za akina mama wanaopeleka watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda. Matibabu yake yanajulikana: daktari anaunyoosha mguu taratibu, anafunga hogo, baada ya wiki anafungua, ananyoosha tena kidogo, anafunga jingine. Kwa kawaida ni wiki tano hadi saba mfululizo. Wengi hukatwa kano ya kisigino kwa upasuaji mdogo, kisha mtoto anavaa viatu maalumu vyenye kipande cha chuma katikati, miezi mitatu ya kwanza karibu mchana na usiku, halafu usiku usiku, mpaka afike miaka minne hivi. Mama anayetoka mbali akikosa nauli ya wiki ya tatu, mguu unaanza kurudi ulikokuwa.

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu mchangiaji anapouliza "hela inakwenda wapi?", jibu liwe fupi na lihesabike: nauli ya kwenda na kurudi, mara saba. Ukimwambia "tunasaidia watoto wenye uhitaji" atakuahidi, na ahadi itabaki ahadi.

Hatua ya 2: Gaweni watu wanne wanne

Kundi la watu thelathini si timu, ni msafara, na katika msafara mtu anapotea machoni. Gaweni vikosi vya watu wanne wanaofanya mazoezi pamoja, wanaoanza pamoja na kumaliza pamoja. Utaratibu huu wa wanne si wetu. Matembezi ya Trailwalker yalianza Hong Kong mwaka 1981 kama zoezi la askari wa Gurkha, yaani Wanepali wa jeshi la Uingereza, na mwaka 1986 raia wakaruhusiwa kuingia. Timu ni ya watu wanne, njia ni kilomita 100, na wana saa 48 za kuimaliza. Wanne wanatosha kwa sababu mmoja akiumia, mmoja anakaa naye, mmoja anafuata msaada, na mmoja anabaki na mizigo.

Kila kikosi kiwe na kirangozi wa mbele na mfunga mlango wa nyuma. Kirangozi ni neno la misafara ya zamani iliyokuwa ikiingia Bagamoyo kutoka bara, wapagazi wakiwa na mizigo ya frasila mbili mabegani. Kwetu sisi kirangozi ni yule mwenye hatua fupi kuliko wote. Yeye ndiye anayepanga mwendo. Mwenye nguvu zaidi anafunga mlango, na haruhusiwi kumpita mtu yeyote. Vijana hawalipendi hili wiki ya kwanza. Wavumilieni, watazoea.

Hatua ya 3: Tarehe na barua

Chagueni kati ya Juni na Agosti. Masika imekwisha, jua ni la kipupwe, na kusi inapuliza. Januari na Februari sipeleki mtu barabarani kwa umbali huu.

Matembezi ya kundi yanahitaji taarifa polisi. Sheria inataka taarifa ya maandishi saa zisizopungua 48 kabla, lakini nyinyi pelekeni wiki mbili kabla ili mpate muda wa kurekebisha mtakachoambiwa. Andikeni njia, saa, idadi ya watu, na namba ya msimamizi. Kumbukeni kwamba ukishaivuka Bunju unaiacha Dar es Salaam na kuingia Mkoa wa Pwani, kwa hiyo barua ni mbili: moja upande wa Kinondoni, nyingine Bagamoyo. Tembea na nakala zilizogongwa muhuri.

Hatua ya 4: Miguu

Hapa ndipo watu wanapopaharakisha, na hapa ndipo matembezi yanapokufa.

Raba si lazima ziwe mpya dukani. Mimi nimetembea miaka mitatu na raba za mtumba kutoka Karume. Nenda kuzijaribu jioni, mguu ukiwa umeshavimba kwa shughuli za mchana, na vaa soksi zile zile utakazotembelea. Simama wima, si kukaa kwenye stuli ya muuzaji. Kati ya kidole kirefu na ncha ya raba paenee upana wa kidole gumba. Kisigino kisipande na kushuka unapopiga hatua. Ikunje raba kwa mikono: inatakiwa ijikunje penye vidole, siyo katikati. Kisha angalia ndani, pitisha kidole kwenye mishono yote. Uzi mmoja uliosimama utakutoboa ukifika Boko. Raba uitembelee angalau kilomita 80 kabla ya siku yenyewe.

Soksi za pamba tupu zinanyonya jasho na kukaa nalo. Tafuta zilizochanganywa na nyuzi za michezo, beba pea tatu kwa siku, na ubadilishe kila kituo kikubwa. Zile zenye jasho zifunge nje ya begi zikauke.

Kucha zikatwe kwa mstari ulionyooka, siku nne au tano kabla, usizichimbe pembeni. Asubuhi ya safari paka vaselini katikati ya vidole, kwenye kisigino, na popote ngozi inapokutana na ngozi: mapaja, kwapa, chini ya sidiria. Akina mama wengi wanaona haya kuuliza habari ya mapaja, wanaanza kutembea kwa kutanua miguu kufika Mbezi Beach. Sema wazi kwenye mkutano wa timu, mbele ya wote, kwamba vaselini ni ya kila mtu na ipo kwenye bajaji.

Sasa lengelenge. Kabla halijatoka kuna joto: sehemu moja ya mguu inachoma kama umekanyaga kaa dogo la moto. Hapo hapo simama. Timu nzima isimame. Vua, futa mguu ukauke, bandika plasta ya kitambaa bila mkunjo, ikate pembe zake ziwe duara ili zisinyanyuliwe na soksi. Dakika nne zinatosha. Kama limeshajaa maji na linauma, osha mikono kwa sabuni, safisha ngozi kwa spiriti, choma sindano iliyosafishwa ubavuni mwa lengelenge, chini, matundu mawili. Kamua polepole kwa kitambaa safi. Ngozi ya juu usiibandue, hiyo ndiyo dawa yako. Funika, kisha plasta juu. Likiwa na damu ndani, au mtu ana kisukari, usilitoboe: huyo anapanda bajaji na kuonana na daktari.

Na kwa sababu watu wanaficha, sisi tuna sheria. Kila saa nzima ikitimia mfunga mlango anauliza kila mtu kwa jina, "Miguu?" Jibu "nzuri" halikubaliki. Sema kidole gani, upande gani, kinafanya nini.

Hatua ya 5: Wiki 12 za mazoezi

Safari ni kama kilomita 60, siku mbili, tunalala kati ya Bunju na Mapinga. Kwa mtu mzima asiye na maradhi ambaye leo anaweza kutembea kilomita 5, wiki 12 zinatosha. Mwenye presha, kisukari au tatizo la moyo aonane na daktari kwanza, na dawa zake mfunga mlango wake ajue zilipo.

Katikati ya wiki tembea siku tatu, dakika 40 hadi saa moja. Shuka daladala vituo vichache kabla ya nyumbani, ndivyo wafanyakazi wengi wa timu yangu wanavyopata muda. Jumamosi ndiyo siku ya urefu: 8, 10, 12, halafu teremka 9. Kisha 14, 17, 20, teremka 14. Wiki ya tisa ni kilomita 22 Jumamosi na 12 Jumapili. Wiki ya kumi ni 25 na 15. Wiki ya kumi na moja 14 tu, na ya mwisho mnatembea kidogo kidogo na kulala mapema.

Zile Jumapili mbili usiziruke. Kutembea umbali mrefu ukiwa mzima ni jambo moja, kuamka kesho yake miguu imekaza na kuivaa raba tena ni jambo jingine kabisa, na mwili lazima uwe umeshaonja hilo kabla ya siku ya pili barabarani.

Daraja la Tanzanite alfajiri ni pazuri kwa mazoezi mafupi. Lakini mazoezi marefu yafanyeni kwenye barabara yenyewe ya Bagamoyo, ili mjue ni wapi bega la barabara linakwisha na wapi malori yanakaribia sana.

Hatua ya 6: Maji, chumvi na chakula

Nusu lita hivi kwa saa, kwa mafundo, ukiongozwa na kiu. Kosa la kukosa maji watu wanalijua. Wasilolijua ni kunywa maji matupu kupita kiasi: chumvi ya damu inashuka, vidole vinavimba hadi pete inabana, kichwa kinauma, mtu anatapika na kuanza kuongea visivyoeleweka. Huyo usimwongezee maji, mwahishe hospitali. Kinga yake kubwa ni kutokunywa kupita kiu, na pia badilisheni vinywaji. Pakiti za ORS ziko kila duka la dawa. Ukikosa, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Madafu ya barabarani ni mazuri pia, ila chumvi yake ni ndogo, tafuna na karanga za chumvi.

Saa tisa usiku kunywa uji wa ulezi. Njiani ndizi mbivu, tende, kashata, viazi vitamu vya kuchemsha. Mihogo ya kukaanga na chipsi zikae hadi jioni.

Hatua ya 7: Michango

Anzeni wiki ile ile mnayoanza mazoezi. Tumieni "Lipa Namba" moja tu (namba ya kupokea malipo kwa simu), yenye jina la kikundi, mhazini na watu wengine wawili wanaona salio. Kila jioni mhazini anaweka orodha kwenye kundi la WhatsApp: jina, kiasi, jumla. Anayetaka jina lake lisitajwe aandikwe "msamaria".

Ombeni kwa kilomita. "Mama, nichangie kilomita tatu" inamfanya mtu ajione yuko barabarani na wewe. Yule mama fundi aliweka daftari mezani kwake, kila mteja anayekuja kuchukua nguo anaandikwa kilomita yake, na mwaka ule alijaza kurasa sita.

Fulana zilipiwe na watembeaji wenyewe. Hela aliyotoa mtu kwa ajili ya nauli ya mtoto isinunue fulana. Hili sina mjadala nalo.

Hatua ya 8: Barabarani

Tunaondoka saa kumi alfajiri, kila mmoja na kizibao cha kung'aa na tochi, mstari mmoja, upande wa kulia wa barabara ili magari yaje tunayaona. Hakuna spika za masikioni. Tunatembea mpaka saa nne asubuhi, kilomita kama 22, kisha kivulini mpaka saa tisa alasiri, raba zimevuliwa, miguu juu ya mabegi. Kipande cha mwisho kinamalizwa kabla ya magharibi. Bajaji inatangulia hadi kituo kinachofuata na kusubiri: maji, barafu, sanduku la dawa, mkeka, na nafasi mbili za watu, ambazo hazipakiwi mzigo.

Anayepanda bajaji hajashindwa. Anapumzika kituo kimoja, anatibiwa, akiweza anarudi mstarini. Kilomita zake za mwisho tunamsubiri. Mnapoikaribia Bagamoyo bajaji inasimama, wote wanashuka, na kirangozi anaingia mbele kwa hatua zake zile zile fupi.

Mwaka wa pili yule mama ndiye aliyekuwa kirangozi. Tulitoka watu kumi na sita. Tulipofika kwenye lango la Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara pale Bagamoyo, mfunga mlango alihesabu mara mbili, kumi na sita, ndipo tukapiga picha. Kisha mama akakaa chini, akavua raba, akatuonyesha visigino vyote viwili.