Sufuria nzito za chuma na moto wa kuni: kununua, kunywesha mafuta, kupika

Juzi nilikuwa namsaidia mtu kuandaa vyombo vya kambini na maswali yake ni yaleyale ninayoulizwa kila mara, nikaona bora niyaandike sehemu moja. Nazungumzia zile sufuria nyeusi nzito za chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu. Sio bati, sio alumini.

Hatua ya 1: Kununua

Ya kupikia kwenye moto wa nje chukua yenye miguu mitatu, na mfuniko uwe bapa wenye ukingo ulioinuka pembeni. Miguu inaacha nafasi ya makaa chini, ukingo unazuia makaa ya juu yasiporomoke na majivu yasiingie kwenye mboga ukifunua. Zile zenye mfuniko wa kubinuka ni za jiko la ndani, usibebe huko. Na zile za rangi zilizopakwa enameli ndo usizisogeze kabisa kwenye kuni, zinapasukapasuka huo mpako na vipande vinaishia kwenye chakula.

Saizi (inchi ni za upana wa mdomo): inchi 12 inaingiza karibu lita 6, inchi 10 karibu lita 4. Mimi ni mtu wa inchi 12 ila ujue ikiwa tupu inakaribia kilo 9, kwahiyo kama safari ni ya kutembea kwa miguu iache nyumbani, hii ni ya kubebwa na gari.

Kuukuu nazipenda kuliko mpya. Kutu usiogope, ogopa ufa. Ininginize kwa mpini wake uigonge na kijiti, nzima inalia kama kengele, yenye ufa inatoa mlio mfupi uliokufa. Muulize pia muuzaji ilikuwa inafanya kazi gani, maana kuna watu wanayeyushia madini ya risasi kwenye hizi sufuria, na ile ni sumu. Asipojua historia yake na wewe huna namna ya kuipima, achana nayo.

Hatua ya 2: Kusafisha

Mpya ioshe kwa maji moto na sabuni, nyingine zinatoka kiwandani na nta ya kuzuia kutu. Kuukuu yenye kutu loweka kwenye siki na maji nusu kwa nusu, ila uwe unaichungulia kila baada ya nusu saa hivi na kuisugua, sababu siki ikimaliza kutu inahamia kwenye chuma chenyewe. Kisha ikaushe motoni hapohapo, usiiache ijikaukie.

Hatua ya 3: Kuinywesha mafuta

Hapa ndo watu wanapoteza siku nzima, kwahiyo soma taratibu.

Wengi wanadhani mafuta yanakaa tu juu ya chuma. Hapana. Mafuta yakipata joto kali kwa muda yanabadilika, yanashikana yenyewe kwa yenyewe na kuwa utando mgumu mkavu uliong'ang'ania chuma. Huo utando ndo unazuia kutu na chakula kugandia. Sasa mafuta yakiwa mengi hayawezi kubadilika yote, juu yanakauka chini yanabaki, unapata kitu kinachonata na madoa ya matone. Yule niliyekuwa namsaidia alikuwa ameipaka mpaka inachuruzika, halafu ilivyonata akaongeza mafuta mengine juu! Ikinata huongezi kitu, irudishe kwenye joto hivyohivyo kavu muda mrefu zaidi, ikigoma sugua hiyo sehemu uanze upya.

Kwahiyo: pasha sufuria kidogo iwe vuguvugu, pakaza mafuta kote, ndani, nje, miguu, mfuniko pande zote, mpini. Halafu chukua kitambaa kingine kikavu ufute yote kana kwamba hukutaka kuipaka. Yote kweli. Kitakachobaki ambacho hukioni ndo kinachotakiwa. Kama bado inang'aa majimaji, futa tena. Kitambaa kisiwe cha kuacha nyuzi.

Kama una oveni tumia oveni, sina mjadala kwenye hili. Joto nyuzi 230 za Selsiasi, sufuria imegeuzwa chini juu, saa moja, izime na uiache ipoe humohumo. Rudia mara tatu au nne. Fungua madirisha maana moshi upo. Ya kwanza ikitoka kahawia badala ya nyeusi ni sawa tu, weusi unakuja na kupika.

Kwenye moto wa nje inawezekana, ila juu ya makaa yaliyotulia tu na uwe unaizungusha, maana upande mmoja unaiva na mwingine bado. Ndimi za moto zikiilamba sana, utando ule unaungua na chuma kinarudi kijivu, kazi yote bure.

Mafuta gani? Alizeti, soya, kanola, chochote cha kawaida cha kupikia. Ya mbegu za kitani yanasifiwa sana, yanatoa utando mzuri wa kupiga picha, halafu unabanduka magamba. Siagi hapana, ina maji na maziwa ndani.

Hatua ya 4: Moto

Unapikia makaa, hupikii miali. Washa moto wako pembeni, kuni ngumu, ziache zikatike ziwe makaa, halafu uhamishe kwa koleo kwenda chini ya sufuria. Yapange kwa duara kufuata ukingo, ukiyarundika katikati chakula kinaungua hapo tu.

Ukitumia mkaa wa vipande vya kiwandani hesabu ni rahisi: inchi za sufuria mara mbili. Inchi 12 ni vipande 24, inakupa kama nyuzi 175. Mkate weka 16 juu ya mfuniko na 8 chini. Mchuzi unaotaka kuchemka geuza, mengi yawe chini. Upepo ukiwepo makaa yanaisha haraka, kinga.

Kila dakika 10 hadi 15 zungusha sufuria robo kulia, mfuniko robo kushoto. Chuma hiki kinasambaza joto polepole kuliko alumini, usipozungusha utaona alama ya kila kaa kwenye mkate wako.

Na usimwage maji baridi kwenye sufuria iliyopata moto sana. Inapasuka.

Hatua ya 5: Kupika

Mwanzoni kaanga vitu vya mafuta. Nyanya, ndimu na siki za kuchemka muda mrefu subiri utando ukomae, la sivyo unabanduka na chakula kinakuwa na ladha ya chuma. Pakua kikiiva, usilaze chakula humo.

Hatua ya 6: Kuosha

Sabuni kidogo ya vyombo haina shida, katazo lile ni la enzi za sabuni kali za magadi. Kuloweka ndo kosa. Osha, kausha motoni, futa na mafuta kidogo sana, weka karatasi kati ya sufuria na mfuniko hewa ipite. Ukifunika kabisa mafuta yanachacha na harufu yake inaingia kwenye chakula cha safari inayofuata.