Somo: Andaa nyumba kabla umeme haujakatika

Habari zenu wanakikundi. Tangu mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 naulizwa karibu kila wiki: niiandaeje nyumba umeme ukikatika? Mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilianza kuwashwa mwaka 2024 na mgao ukapungua sana. Lakini transfoma ya mtaa ikizidiwa au nguzo ikianguka wakati wa masika, megawati 2,115 za bwawani hazikusaidii. Nyumba yenyewe lazima ijiandae.

1. Piga hesabu kabla ya kwenda Kariakoo

Watu wengi wananunua inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) kwanza, hesabu baadaye. Anza na karatasi. Andika vitu unavyovihitaji kweli usiku, wati zake (zimeandikwa nyuma ya kifaa) na saa utakazovitumia, kisha zidisha wati kwa saa upate wati-saa. Mfano wa nyumba ya kawaida ya Dar:

Taa 4 za LED za wati 7, saa 4: 112
Ruta ya wati 10, saa 4: 40
Feni ya wati 50, saa 4: 200
TV ya wati 50, saa 3: 150

Jumla ni wati-saa 502. Inveta nayo inakula chake, kwa hiyo weka 590. Betri ya volti 12, ampea-saa (Ah) 100 ina wati-saa 1,200, ila ikiwa ni ya asidi au jeli usiimalize zaidi ya nusu, maana itakufa mapema. Umebaki na 600. Inatosha, kwa taabu. Betri ya lithiamu ya ukubwa huohuo unaweza kutumia kama asilimia 80, ndiyo maana bei yake iko juu, na mimi naona inastahili kama umeme wenu unakatika kila siku.

Pasi, jagi la umeme na hita ya maji usiviunge kabisa kwenye inveta.

2. Ogopa umeme unaporudi

Vyombo vingi haviungui umeme ukikatika, vinaungua ukirudi. Unarudi ukiyumba, mara juu, mara chini, na pengine unakatika tena papo hapo. Friji ndiyo inayoumia zaidi: kompresa ikizimika, gesi ndani inahitaji dakika chache itulie. Ukiilazimisha kuwaka kabla ya hapo, mota inakwama, inavuta umeme mwingi na kupata moto. Utasikia inaguruma, inakata "tak!", kimya, halafu inaguruma tena. Ukisikia hivyo chomoa mara moja.

Nunua friji gadi inayochelewesha umeme dakika 3 hadi 5. Kama huna, zima friji na TV ukutani umeme ukikatika, acha taa moja tu ikujulishe umerudi.

3. Chakula, maji, LUKU

Friji isipofunguliwa hutunza ubaridi kama saa 4. Friza iliyojaa inafika saa 48, iliyojaa nusu inafika saa 24. Kwa hiyo jaza nafasi tupu kwa chupa za maji yagande. Tenki la maji liwe juu ya mnara, pampu ifanye kazi umeme ukiwepo. LUKU nunua kabla yuniti hazijaisha, kwani mtandao nao husumbua. Mshumaa uondoke chumba cha watoto, taa ya kuchaji siku hizi si ghali.

Maswali

*Fundi, naweza kuunga friji kwenye inveta? (Mbagala)*
Unaweza, lakini friji ya wati 100 ikianza kuwaka huvuta mara kadhaa ya hapo. Inveta ndogo itagoma. Chukua ya wati 1,000 kwenda juu, yenye mawimbi safi (imeandikwa "pure sine wave"), na uongeze betri. Umeme ukikatika kwa saa 3 au 4 tu, mama, chupa za barafu zinatosha.

*Kaka, jirani anaunga jenereta kwa waya wenye plagi pande zote mbili, anachomeka kwenye soketi. Ni sawa? (Mwanza)*
Mwambie aache leo. Umeme huo unatoka nyumbani kwake mpaka kwenye laini, unapandishwa na transfoma, na fundi aliye juu ya nguzo anaamini laini imekufa. Unaua. Afungiwe swichi ya kubadilishia kati ya umeme wa laini na wa jenereta, na fundi mwenye leseni. Na jenereta ikae nje, mbali na madirisha: moshi wake una gesi isiyo na harufu, watu hufia usingizini.

*Shikamoo mwalimu. Mama yangu anatumia insulini. Friji ikizima nifanyeje? (Dodoma)*
Marahaba. Chupa anayoitumia sasa, kwa aina nyingi, inavumilia nje ya friji kama wiki 4 ikiwa chini ya nyuzi 30. Soma karatasi yake na umuulize mfamasia. Za akiba ziache ndani ya friji iliyofungwa. Umeme ukichelewa, chukua vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, jaza mchanga katikati, umwagie maji, weka insulini kwenye chungu cha ndani, ufunike kwa kitambaa kibichi, uviweke kivulini penye upepo. Hewa kavu ya Dodoma inapoza vizuri kuliko ya Pwani. Insulini usiigusishe barafu, ikiganda haifai tena.