Hesi za krenki zikiliwa: jinsi ya kuziokoa

Baiskeli nyingi zinazoshuka feri pale Likoni, Mombasa, na mizigo ya madafu zina pedeli inayocheza. Mwenyewe huisikia ikigonga, akasema ataikaza jioni. Kumbe kila anapokanyaga, ekseli yake ya chuma inazitafuna hesi, ile mistari ya skrubu ndani ya tundu la krenki. Krenki ndiyo mkono unaobeba pedeli, na ikiwa ya aluminiamu ni laini.

Kwanza ifungue. Pedeli ya kulia hufunguka kinyume cha saa, ya kushoto hufunguka kwa kufuata saa. Tafadhali lishike hili, maana krenki nyingi huuliwa na spana iliyozungushwa kusiko.

Safisha tundu kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, kisha limulike. Ukiona hesi mbili tatu za mdomoni zimelala lakini za ndani bado kali, krenki itapona.

Tafuta tapu, kile chombo cha kukatia hesi, ya inchi 9/16, yenye hesi 20 kwa inchi. Krenki ya kushoto ina tapu yake ya kushoto. Ya kulia haifai kabisa. Vua krenki, ibane kwenye jiliwa, na uingize tapu kwa nyuma, upande unaotazama fremu. Huko hesi ni nzima, nazo ndizo zitakazoinyoosha tapu mpaka ifike palipoharibika. Tia oili. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, machicha ya aluminiamu yadondoke. Ikikaza ghafla, simama, irudishe, safisha, uanze tena.

Mwisho paka grisi, uanze kufunga pedeli kwa vidole. Isipoingia kwa vidole, usiite spana.

MASWALI

— Fundi, nikizungushia tepe ya mabomba haitashika?
Haitashika, ndugu yangu. Tepe huziba maji, haibebi uzito wa mtu.

— Yangu tundu limebaki laini, hesi hakuna.
Mpelekee fundi wa kukereza vyuma. Atalipanua, akate hesi kubwa zaidi, atie bushi, yaani kijibomba cha chuma chenye hesi za pedeli ndani. Uliza bei kwanza. Krenki ya mtumba huenda ikawa rahisi.

— Naishi karibu na bahari Nyali. Pedeli imeganda, haitoki.
Ni chumvi. Chuma na aluminiamu vikikutana na unyevu wa chumvi, hushikana. Tia oili ya kupenya kutu pande zote mbili, iache ilale usiku kucha, kesho utumie spana ndefu. Ikitoka, usiirudishe bila grisi.