Njia ya Nyumbani Wakati wa Theluji: Ipimie Gari la Zimamoto, Si Gari Lako

Katika vijiji vya Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, nyumba nyingi hukaa mbali na barabara, mwishoni mwa njia ya changarawe ambayo mwenye nyumba peke yake ndiye mwenye wajibu wa kuitunza. Plau ya mji, yaani lori lenye bamba la kusukumia theluji, husafisha barabara ya umma na kuishia hapo. Sisi tuliotoka Kongo, Burundi na kwingineko Afrika Mashariki, tukaondoka katika miji ya Maine kama Portland au Lewiston kutafuta nyumba yenye nafasi, hatuelezwi jambo hili siku ya kukabidhiwa funguo. Mimi nililijua usiku ambao mama mkwe wangu alibanwa kifua, ambulensi ikashindwa kufika mlangoni, na wahudumu wakaja na machela kwa miguu huku theluji ikiwafika magotini. Namshukuru Mungu alipona. Jioni ile ile nilikuwa nimesafisha njia, gari langu dogo likapita bila taabu, nikaamini kwamba kazi imekwisha.

Kosa langu lilikuwa kipimo. Gari la kawaida halifiki upana wa mita 2, lakini gari la zimamoto, ukihesabu na vioo vyake vya pembeni, hukaribia mita 3, na uzito wake likijaa maji hupita tani 15. Tena mashambani hakuna mabomba ya zimamoto kando ya barabara, kwa hiyo maji huletwa na malori ya tangi, ambayo baadhi yake hubeba galoni 3,000, yaani zaidi ya lita 11,000. Kwa sababu hiyo njia ya nyumba moja isipungue upana wa futi 12, karibu mita 3.7, na juu yake pawe wazi kwa kimo cha futi 13 na inchi 6, karibu mita 4.1. Kata kamba ya urefu huo wa kwanza na ufito wa urefu wa pili, kisha tembea navyo kutoka barabarani hadi mlangoni. Mahali ambapo kamba haitandazwi ikanyooka, au ufito unagusa tawi, ndipo penye kazi yako. Usisahau kwamba matawi ya misonobari huinama sana yakilemewa na theluji, hivyo tawi linaloonekana kuwa juu mwezi wa Oktoba huenda likaziba njia mwezi wa Januari.

Yapo mambo yanayowezekana kabla ardhi haijaganda tu. Chomeka vijiti virefu vya rangi ya machungwa pande zote mbili za njia, hasa kwenye kona, kwenye mitaro na kwenye ncha za kalavati, kwa maana theluji ikishafunika kila kitu dereva wa lori zito hawezi kutofautisha njia na mtaro. Ikiwa njia yako inazidi futi 150, yaani mita 45, tenga mahali pa kugeuzia gari kubwa, upasafishe kila mara kama unavyosafisha njia yenyewe, wala usipageuze kuwa maegesho ya wageni. Ningependa pia umwalike mkuu wa kikosi cha zimamoto cha mji wako aje aitazame njia hiyo mapema. Vikosi vingi vya mashambani ni vya watu wa kujitolea, majirani zako hasa, na ushauri wao ni wa thamani kuliko makadirio yako na yangu.

Dhoruba za mwanzo ndizo zinazoamua majira yote ya baridi, na hapa ndipo wengi hukosea. Mwezi wa Desemba theluji ni kidogo, mtu anaisogeza ukingoni mwa njia na kuridhika. Ukingo ule huganda ukawa kama ukuta, dhoruba inayofuata inaegemea juu yake, na kila safari njia inapungua upana kidogo kidogo, hata kufika Februari ile njia ya mita 4 imebaki mita 2 na nusu na hakuna tena mahali pa kusukumia theluji mpya. Kwa hiyo isukume mbali tangu siku ya kwanza, mita moja au zaidi nje ya vijiti vyako, ukianza na upana mkubwa kuliko unaouhitaji. Irundike upande ambao upepo unaelekea, kwa kuwa rundo lililo upande unakotoka upepo husababisha theluji inayopeperushwa kutua katikati ya njia. Penye uwanja wazi unaweza kuweka uzio wa kuzuia theluji, lakini usiuweke karibu: umbali unaofaa ni takriban mara 35 ya kimo cha uzio, hivyo uzio wa mita 1.2 husimama kama mita 40 kutoka njiani, upande unakotoka upepo.

Mdomo wa njia, pale inapokutana na barabara, unahitaji uangalifu wa pekee, kwani plau ya mji ikipita huacha tuta la theluji nzito ambalo likiganda halivunjwi kwa beleshi. Simama ukielekea barabara. Magari ya Marekani hupita kulia, kwa hiyo plau itakuja kutoka kushoto kwako. Safisha mfuko wa nafasi kando ya barabara upande huo wa kushoto, ili plau imwage mzigo wake humo kabla ya kufika kwako, na theluji yako uiweke kulia. Usiivushe wala kuiacha barabarani, maana sheria inakataza na inahatarisha wapitao.

Safisha mara kadhaa dhoruba ikiendelea, kabla magari hayajaikandamiza theluji ikawa barafu. Chumvi ya kawaida hupoteza nguvu joto likishuka chini ya nyuzi 9 chini ya sifuri za Selsiasi, na hapo mchanga ndio unaosaidia, hasa kwenye mteremko. Mwenye maradhi ya moyo asishike beleshi kabisa. Kazi hiyo nzito katika baridi kali imewaangusha watu wengi.

Ukimkodi mtu mwenye plau, mkubaliane mapema, tena kwa maandishi: atakuja theluji ikifika kina gani, atasafisha upana gani, na kama atarudi kuondoa tuta la mdomoni baada ya plau ya mji kupita. Mwambie waziwazi kama nyumbani pana mzee, mjamzito au mgonjwa.

Kutoka gari linaposimama hadi mlangoni, fungua kijia cha mita 1.2 ili machela ipite na wahudumu wakiwa kando yake. Mtungi mkubwa wa gesi nao ufikike, na matundu ya kutolea moshi ya tanuri linalopasha nyumba joto yasizibwe na theluji, kwani hewa ya sumu inayorudi ndani huua watu wakiwa usingizini. Namba ya nyumba iwe ya kung'aa gizani na isimame juu ya kimo cha rundo lolote la theluji.

Ukilazimika kupiga 911, namba ya simu ya dharura ya Marekani, anza na anwani, kisha eleza hali ya njia kama ilivyo, bila kuona haya: ina barafu, ina mlima, au haijasafishwa. Anayepokea simu anaweza kuomba plau ya mji itangulie mbele ya ambulensi, lakini hawezi kuomba asichokijua. Kiingereza kikikushinda, sema neno "Swahili" na usikate simu, kwani vituo vingi huunganisha mkalimani papo hapo. Kisha washa taa zote za nje, na mtu mzima mmoja akasimame na tochi kwenye mdomo wa njia.